Mzinga wa Bofors na ule wa milimita 37: nani alimwiga nani?

Swali: Shikamoo mzee. Marehemu mjomba wangu alikuwa askari. Katika albamu yake kuna picha ameketi kwenye mzinga wa kutungulia ndege, na nyuma ya picha ameandika namba 37 tu. Juzi nimetazama mkanda wa habari wa Vita Vikuu vya Pili, nikawaona Waingereza na mzinga unaofanana na ule kama pacha. Maelezo yalisema ni Bofors wa Sweden, milimita 40. Sasa nani alimwiga nani? Kwa nini una magurudumu manne wakati mizinga mingine ninayoiona kwenye gwaride ina mawili? Na wale watu wawili wanaozungusha mikono kama wanasaga nyama, kweli waliwahi kuipata ndege?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mjomba. Mimi mwenyewe nilianza kazi kwenye karakana za silaha, na wa milimita 37 ndio mzinga wa kwanza wa namna hiyo niliowahi kuufungua hadi ukabaki vipande mezani. Macho yako hayakukudanganya, wanafanana kwa sababu ni damu moja. Ila si kwamba huyu alikaa akamchora yule. Ni babu na mjukuu, na aliyewaunganisha ni mzinga mdogo ambao leo hautajwi sana. Nitamfikia. Kwanza nikueleze shida iliyowazaa wote, maana ukiielewa, mambo mengine yote uliyouliza yatajieleza, hata magurudumu.

Shida yenyewe ni muda. Chukua ndege ya wakati ule ikija kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa. Hiyo ni takriban mita 140 kila sekunde. Mpiga mzinga akianza kuipiga ikiwa umbali wa kilomita 3, ana sekunde kama 21 tu kabla haijafika juu ya kichwa chake. Katika sekunde hizo aione, ajue si ya kwao, aelekeze mtutu, afyatue, aone risasi zinapita wapi, arekebishe. Na risasi nayo inachukua muda njiani: kwa umbali wa kilomita 2 inahitaji kama sekunde 3, na katika sekunde hizo ndege imeshasogea zaidi ya mita 400, yaani viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Kwa hiyo hauipigi ndege. Unapiga hewa tupu mbele yake na kuomba wakutane hapo.

Katika hali hiyo mzinga mkubwa wa kurusha kombora moja zito kila baada ya sekunde kadhaa haukusaidii kwa ndege inayokuja chini. Ndege iliyoko juu sana ni jambo jingine. Kwa ndege ya namna hiyo kulikuwa na mizinga kama ule wa Wajerumani wa milimita 88 au wa Waingereza wa inchi 3.7. Bombomu la kawaida nalo linamwaga risasi nyingi, lakini ni ndogo, hazifiki mbali, na moja ikigonga bawa inatoboa tundu tu, rubani anarudi nalo nyumbani. Kati ya hao wawili kulikuwa na pengo. Kilichotakiwa ni kitu kinachopiga haraka kama rashasha, lakini kila risasi iwe na baruti ya kulipuka ndani, kiasi kwamba moja tu ikigusa, ndege isiendelee na safari.

Jeshi la majini la Sweden lilikuwa na jibu la kuazima. Mwaka 1922 lilinunua mizinga ya Vickers ya Uingereza, ile iliyobandikwa jina la "pom-pom" kwa mlio wake. Ilikuwa ya milimita 40 na ilifuata mtambo wa Maxim, yaani kimsingi ni bombomu lililokuzwa. Ubaya wake ni kwamba risasi zake zilitoka taratibu kuliko inavyofaa kwa ndege, na ule mtindo wa kulisha risasi kwa mkanda wa kitambaa ulikuwa na tabia ya kukwama. Mwishoni mwa mwaka 1928 wakatia saini mkataba na kiwanda cha Bofors, mjini Karlskoga, kitengeneze kitu bora.

Kuna watu hupenda kusema kazi ile ilifanywa na Wajerumani kwa siri, kwa sababu Krupp, kampuni ya silaha ya Ujerumani, walikuwa na hisa ndani ya Bofors miaka ile. Hisa zilikuwepo kweli. Lakini mtambo huu ni wa Wasweden: aliyeongoza ni Victor Hammar, na aliyefungua fundo gumu zaidi, la namna ya kulisha risasi, ni Emanuel Jansson. Fundo hilo niache nilieleze kwa kirefu, maana ndilo moyo wa mzinga, na ni utamu wa ufundi ambao huwa sichoki kuusimulia.

Risasi ya Bofors, na ganda lake, ina urefu wa karibu dhiraa moja, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na uzito wa kilo 2 na kidogo. Sasa fikiria bunduki ya kawaida ya rashasha. Ndani yake kuna kipande cha chuma, bolti, kinachosukuma risasi mpaka ndani ya chemba, kinafunga nyuma yake, kisha baada ya mlipuko kinarudi na ganda tupu. Bolti lazima isafiri urefu wote wa risasi kwenda, na urefu wote kurudi. Kwa risasi ya urefu wa kidole si neno. Kwa risasi ya dhiraa moja, bolti inageuka kuwa nyundo nzito inayokwenda mbele na nyuma mwendo mrefu, na kadiri unavyotaka iende haraka ndivyo inavyojivunja yenyewe. Ukitaka isijivunje, ipunguze mwendo, na ukipunguza mwendo umerudi ulikotoka.

Wale mafundi wakaiacha bolti kabisa. Nyuma ya mtutu wakaweka mlango wa aina inayotumika kwenye mizinga mikubwa: bamba nene la chuma linaloteleza kushuka na kupanda. Linapanda, mtutu umefungwa. Linashuka, uko wazi. Mwendo wake ni mfupi, upana wa ganda tu. Na kwa kuwa hakuna tena bolti ya kuisindikiza risasi hadi ndani, wakafanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaona ni la hatari: risasi inarushwa. Kisukumizi chenye springi kali kinaipa teke moja, kinaiachia, nayo inateleza peke yake hadi ndani ya chemba huku kisukumizi kimeshabaki nyuma.

Mzunguko mzima unakwenda hivi. Mzinga unalia, mtutu unapiga teke na kurudi nyuma kama sentimita 20, na nguvu hiyo hiyo ya teke ndiyo inayofanya kazi yote inayofuata. Hakuna mota wala mtu wa kuvuta kitu. Mtutu unaporudi mahali pake, mlango unalazimishwa kushuka, ndoano mbili zinalishika ganda tupu na kulitupa nje. Kwenye mzinga wa nchi kavu linateleza katika mfereji uliopinda na kwenda kutokea mbele, chini ya mtutu, ili lisiwavunje miguu walio nyuma. Ndoano zile zile zinabaki zimeushikilia mlango usipande. Kisukumizi kinaachiwa, risasi mpya inaruka ndani, na ukingo wa kitako chake unazigonga zile ndoano. Zikigongwa, zinauachia mlango, nao unapanda kwa springi yake. Yaani risasi inajifungia mlango yenyewe ikishaingia. Isipoingia vizuri, mlango haufungi, na mzinga haulii ukiwa wazi. Mpigaji akiwa bado amekanyaga pedali, unalia tena. Yote hayo mara mbili kwa sekunde, risasi 120 kwa dakika.

Majaribio ya kufyatua mfululizo yalifanyika mwaka 1931, na mwaka uliofuata wakubwa wa jeshi wakaonyeshwa. Hapo ndipo pana kichekesho. Wenyewe waliouagiza, yaani jeshi la majini la Sweden, walikuwa wamebadili mawazo. Sasa walitaka kitu kidogo zaidi. Bofors hawakubishana. Wakauchukua mtambo ule ule wakaupunguza hadi milimita 25, na mwaka 1932 wakawapa. Huyo wa milimita 25 ndiye yule mdogo niliyekuahidi, na hapo njia zinagawanyika.

Njia ya kwanza ni ya milimita 40. Uholanzi waliuchukua kwa ajili ya meli yao ya vita De Ruyter, wakautengenezea kitako kinachojiweka sawa meli inapoyumba. Kwa nchi kavu, Ubelgiji waliagiza mwaka 1935. Poland wakanunua mizinga na leseni pia, wakawa wanaitengeneza nyumbani, tena wakaweza kuwauzia Waingereza. Hungaria, Ufini na wengine wakafuata. Vita vilipoanza mwaka 1939, pande zote mbili zilikuwa nao, na Wajerumani walioteka ya wenzao waliipa jina la kwao, Flak 28, wakaendelea nayo bila aibu.

Njia ya pili ni ya Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1935 walinunua mizinga kadhaa ya Bofors ya milimita 25. Wakaipenda. Wahandisi Mikhail Loginov na Lev Loktev wakaukuza mtambo ule hadi milimita 45, lakini jeshi la nchi kavu likasema huo ni mkubwa mno kwa kukokotwa uwanjani. Januari 1938 ikatoka amri: uwe wa milimita 37. Mwaka 1939 ukapokelewa jeshini ukiitwa 61-K. Mwaka 1940 waliushindanisha uwanjani na Bofors wa milimita 40 mwenyewe, na hawakuona tofauti kubwa ya utendaji. Kwa hiyo unaona: mmoja ndiye aliyepunguzwa akazaa wa 25, mwingine ni yule wa 25 aliyekuzwa tena hadi 37. Warusi walisoma kwa Mswedi, hilo halina ubishi, ila walisoma kwa mtoto mdogo wa nyumba ile, na walipomkuza wakamkuza kivyao. Risasi haziingiliani. Vipuri havibadilishani. Nimewahi kumwona kijana akijaribu, sitaki kukumbuka.

Baada ya vita Wachina wakautengeneza wa Kirusi wakauita Aina ya 55, baadaye wakaufanya wa mitutu miwili, Aina ya 65. Kupitia Warusi na Wachina ukaenea Asia na Afrika. Vietnam ndiko Wamarekani walikouzoea zaidi, wao wakiwa angani na mzinga ukiwa chini. Tanzania nayo ni miongoni mwa nchi zilizokuwa nao, ndiyo maana namba ya nyuma ya picha ya mjomba hainishangazi hata kidogo.

Sasa magurudumu. Mzinga wa kawaida wa uwanjani una magurudumu mawili na mkia unaochimbiwa ardhini nyuma. Unapopiga, teke linasukuma nyuma, mkia unazuia. Umetengenezwa kutazama upande mmoja. Ukitaka upande mwingine, watu wanashika mkia wanaubeba na kuuzungusha. Hebu mpelekee ndege inayopita juu ya kichwa! Inatoka mashariki, sekunde chache baadaye iko magharibi. Mtutu lazima uzunguke duara zima bila kugota, na upande kutoka chini kidogo ya usawa hadi wima kabisa, nyuzi 90. Ukipiga wima, teke halisukumi nyuma tena, linagandamiza chini kama mchi kwenye kinu. Mkia hausaidii chochote.

Kwa hiyo mzinga unakaa juu ya meza, si juu ya mkokoteni. Ile gari ya magurudumu manne ni meza iliyokunjwa. Mkifika mahali, mnafungua mikono miwili ya pembeni, pamoja na boriti la katikati inakuwa msalaba; kila ncha ina skrubu yenye sahani chini. Mnazungusha skrubu mpaka magurudumu yanyanyuke na meza ikae sawa, mkitazama kiputo cha pimamaji kama fundi mwashi. Kusawazisha huko si urembo. Meza ikiinama nyuzi mbili tu, kila hesabu ya kulenga inaharibika kadiri unavyozunguka. Kikosi kilichofundishwa kilimaliza kwa dakika chache, na ndege ikiwakuta barabarani waliweza kupiga mzinga ukiwa bado juu ya magurudumu, ingawa hapo unatikisika na shabaha inakuwa ya bahati.

Kuna jambo jingine la umbo ambalo picha yako italionyesha. Tazama mtutu umeshikwa wapi. Umeshikwa karibu na kitako, sehemu kubwa imening'inia mbele. Sababu ni kwamba mtutu ukinyanyuliwa wima, kitako kinashuka. Ungeushika katikati, kitako kingegonga meza, na mpakiaji angelazimika kupiga magoti kila ndege inapokaribia. Kwa kuushika nyuma, mahali pa kuwekea risasi panabaki karibu na kimo kile kile. Lakini sasa mbele ni kuzito, hivyo zimewekwa springi kubwa za kusawazisha uzito, ili mtu mmoja aweze kuupandisha na kuushusha kwa mkono bila kutoa jasho.

Na hao ndio wasaga nyama wako. Mmoja anashughulikia kupanda na kushuka, mwenzake kulia na kushoto, kila mmoja na kioo au duara lake la kulengea. Mmoja wao ana pedali ya kufyatulia. Nyuma yao amesimama yule ambaye kwangu mimi ndiye anayefanya kazi ya punda: mpakiaji. Bofors hulishwa kwa klipu ya risasi nne, zaidi ya kilo 8, inayotumbukizwa kutoka juu. Risasi nne kwa mwendo wa risasi mbili kwa sekunde ni sekunde mbili. Yaani mzinga ukipiga mfululizo, kila sekunde mbili anahitajika kutumbukiza klipu nyingine, akiwa amesimama juu ya kitu kinachozunguka, na mtutu unabadilisha mwinamo. Kwa dakika nzima zingekuwa zaidi ya kilo 250. Ndiyo maana takwimu ya risasi 120 ni ya mtambo, si ya binadamu. Uwanjani ilikuwa pungufu ya hapo. Sisi Waswahili tumelipa neno mzinga mzigo mkubwa, lina nyuki ndani, lina pombe, na mjini ukipigwa mzinga umeombwa hela. Mpakiaji angekwambia wake ndio mzito kuliko yote.

Je, waliipata ndege? Hapo ndipo ugumu wote ulipo, na naomba nisikupambie. Mtambo mzuri wa kupiga ni nusu ya silaha. Nusu nyingine ni kujua pa kupiga, na nusu hiyo ilichelewa.

Waingereza walileta kikokotozi cha Kerrison, kilichobuniwa na Kanali A. V. Kerrison. Ni sanduku la meno ya chuma na magurudumu, kompyuta kabla ya kompyuta. Watu wawili wanaifuata ndege kwa darubini, mmoja kwa mlalo na mwingine kwa wima, na kwa jinsi wanavyozungusha, sanduku linajua ndege inahama kwa kasi gani. Mwingine anaingiza umbali anaoukadiria. Sanduku linatoa jibu: elekeza hapa. Na halisemi tu. Linapeleka amri kwa waya hadi kwenye mota zinazosukumwa kwa shinikizo la mafuta ndani ya mzinga, na mzinga unazunguka wenyewe. Wasaga nyama wanaacha kusaga, inabaki kupakia. Kwa ndege inayokuja kwa mstari ulionyooka kilikuwa kitu cha ajabu.

Ila kilitaka jenereta, waya, meza yake mwenyewe, na muda wa kupangwa. Kikosi kilichokuwa kikihama kila siku hakikuwa na anasa hiyo. Na rubani naye si mjinga, haji kwa mstari ulionyooka. Waingereza wakarudi kwenye kitu rahisi walichokitengeneza Stiffkey, pwani ya Norfolk: fimbo na fremu ya vyuma juu ya mzinga. Mtu mmoja anaitazama ndege inaelekea wapi, anavuta fimbo ielekee huko, na fremu inasogeza vioo vyote viwili vya kulengea kwa pamoja, mbele ya ndege kwa kiasi kinachotakiwa. Wasaga nyama hawahesabu kitu. Wanaiweka ndege katikati ya kioo, na mtutu tayari unatazama mbele yake. Kilichoshinda hapo hakikuwa werevu wa hesabu bali uharaka wa kuanza kupiga. Warusi kwenye 61-K walichagua njia ya katikati: mzinga ulikuwa na kitazamio ambacho watu wa ziada walikiingizia umbali, kasi na mwelekeo wa ndege, ndiyo sababu picha za mizinga ile zinaonyesha watu wamejazana juu yake kama daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Pamoja na hayo yote, risasi nyingi ziliishia hewani. Hazikudondoka nzima juu ya vichwa vya watu, kwa sababu risasi za Bofors zilikuwa na moto mkiani unaomwonyesha mpigaji zinakoelekea, na moto huo ukiungua hadi mwisho unailipua risasi yenyewe huko juu. Lakini kuhesabu ndege zilizoanguka tu ni kuudhulumu mzinga. Rubani anayeiona mistari ile ya moto ikimpandia hudondosha mabomu mapema, au hupinda, au hukwea juu zaidi, na bomu lililodondoshwa kutoka juu zaidi hukosa daraja. Meli iliyobaki inaelea haiandikwi kwenye hesabu ya mpiga mzinga. Moto ule ulipata hata kazi nyingine: El Alamein, Misri, Oktoba 1942, Bofors zilipiga usiku juu ya vichwa vya askari wao wenyewe, si kumuua mtu, bali kuchora mstari wa kuwaonyesha njia katikati ya jangwa na mabomu ya kutegwa.

Kuna sehemu moja ambayo wapenda silaha huiruka, nami kama fundi siwezi. Mzinga wa Kiswidi ulichorwa kwa ajili ya mafundi wa Kiswidi. Vipande vilitengenezwa kwa karibu, kisha fundi mwenye tupa anakaa anakwaruza hadi viingiane. Kwenye michoro yenyewe maelekezo ya namna hiyo yalikuwepo. Matokeo ni mzinga mzuri mno, na kipande cha mzinga huu hakikai kwenye mzinga ule. Wamarekani walipotia saini leseni mwaka 1941, Chrysler, watengeneza magari, wakakabidhiwa kazi ya kuugeuza kuwa bidhaa ya kiwandani. Michoro ilikuwa kwa milimita, wao wanatumia inchi. Hata mpangilio wa picha ulikuwa kinyume: kwa desturi ya Ulaya, ukikichora kitu kinavyoonekana kutoka kulia, unaiweka picha hiyo kushoto kwa ile ya mbele, Mmarekani huiweka kulia. Fundi asiyejua hilo anatengeneza kipande kizuri sana, cha upande usio wake. Ikabidi kuchora upya kila kitu na kuweka vipimo vikali kiasi kwamba tupa haihitajiki. Chrysler wenyewe walitoa mizinga kama 60,000 na mitutu mara mbili ya hiyo. Mitutu mingi kuliko mizinga, kwa sababu mtutu unaopiga hivyo unalika ndani na kubadilishwa. Vitako vya kwenye meli vilitengenezwa hata na York Safe and Lock, kampuni iliyozoea kutengeneza makabati ya chuma ya kutunzia fedha.

Mwisho wa vita ulionyesha ukomo wake. Ndege za Kijapani za kujitoa mhanga zilikuwa hazihitaji rubani aliye hai hadi mwisho. Ilitosha ndege isivunjike. Risasi ya milimita 40, yenye uzito wa chini kidogo ya kilo moja, iliweza kumuua rubani bila kuivunja ndege, nayo ikaendelea kuja. Na ile fyuzi mpya ya redio, inayojilipua yenyewe ikipita karibu na ndege, haikuenea ndani ya kitu kidogo hivyo. Ndogo kuliko zote zilizoipokea zilikuwa za milimita 76. Jeshi la majini la Marekani likaanza kuhamia huko. Bofors nao wakatoa kizazi kipya, L/70, chenye risasi ya kasi zaidi na mapigo 240 kwa dakika kwa kuanzia, ambacho NATO walikikubali mwaka 1953. Lakini yule wa zamani hakukubali kustaafu: tarehe 27 Mei 1982, katika vita vya Falklands, mzinga wa Bofors kwenye meli ya Kiingereza uliipiga ndege ya kivita ya Argentina aina ya Skyhawk, na rubani akalazimika kuruka.

Sasa ichukue picha ya mjomba, uitazame pale mpakiaji anaposimama. Kama klipu inaonekana, hesabu risasi: Bofors wa milimita 40 ana nne, wa milimita 37 ana tano. Kama haionekani, hesabu watu waliokaa juu ya mzinga, na utazame upande wa kulengea kama kuna mwenye kazi ya kuzungusha vikorokoro vidogo badala ya gurudumu kubwa. Huyo ndiye aliyekuwa akiingiza umbali na kasi. Kama ndiye mjomba wako, basi alikuwa na kazi ngumu kuliko wale wanaosaga.